Nipige picha ya ubongo nisije nikasahau kama mama?

Daktari, salamu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Tanga, nina miaka 54. Mama yangu alifariki mwaka 2021 akiwa na miaka 89, na tangu siku ile nina hofu ambayo sijamwambia mtu isipokuwa binti yangu.

Mama alianza kwa kuuliza jambo moja mara tatu, mara nne. Baadaye akawa anatoka saa nane za usiku na ndoo, anasema anakwenda kisimani, na kisima chenyewe kilifukiwa mimi bado mtoto. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba anawanga. Usiku mmoja vijana walimzingira njiani, na kama si mzee mmoja kupita akamtambua, sijui ingekuwaje. Mwisho hata mimi hakunijua, aliniita kwa jina la dada yake. Hatukumpeleka kupimwa kichwa. Presha alikuwa nayo miaka mingi, na mara mbili mdomo ulimpinda kisha ukarudi, tukamshukuru Mungu tukaendelea na maisha.

Sasa naona na mimi naanza. Naingia stoo nasimama, sikumbuki nimefuata nini. Majina ya wanafunzi wa darasa la nne yananipotea, yanarudi nikiwa nimeshafika nyumbani. Mwezi uliopita niliunguza maharage mara mbili. Usingizi wangu ni saa nne tu, kwa sababu hedhi ilikatika mwaka jana na usiku naamka nimelowa jasho. Kazi naifanya. Daftari la vikoba la wanachama 28 bado nalitunza mimi, na mwisho wa mwezi hesabu inakubali. Presha ninayo pia. Vidonge nimepewa, nameza kichwa kikiuma. Mara ya mwisho nilipimwa ikawa 158 kwa 96.

Kuna hospitali moja ya binafsi imebandika tangazo: piga picha ya ubongo kwa MRI, jikinge na ugonjwa wa kusahau. Bei ni shilingi laki sita na nusu. Binti yangu anafanya kazi Maskati, amesema atatuma. Je, niende? Na hiyo picha itaniambia kama nitakuwa kama mama?

Nisamehe kwa barua ndefu. Nimeiandika nikiwa nimejifungia chumbani, kwa sababu hata kaka yangu mkubwa tunayeishi naye, mwenye miaka 72, ameanza. Wiki sita zilizopita alianguka kwenye bodaboda, akachubuka kipaji tu. Siku hizi anasinzia mchana kutwa, anachanganya maneno, mguu wa kushoto anauburuta. Nadhani ni ukoo wetu.

Mwalimu, Tanga

*

Shikamoo Mwalimu.

Barua yako niliisoma Jumatatu usiku. Nilipofika kwenye mistari ya mwisho nilichukua simu nikakupigia kwa namba uliyoiacha. Wasomaji wengine hawakusikia tuliyozungumza, kwa hiyo naanza na kaka.

Ubongo wa mtu wa miaka 72 huwa umepungua kidogo, umeachana na fuvu, na vimishipa vinavyouunganisha na utando wa juu vinakuwa vimevutika kama kamba ya kuanikia nguo iliyokazwa mno. Mtikisiko mdogo unatosha kukikata kimoja. Damu yake haimwagiki kwa kishindo. Inavuja polepole, wiki baada ya wiki, hadi inaanza kuubana ubongo, na hapo ndipo mtu anaanza kusinzia, kuchanganya maneno na kuburuta mguu. Anayemeza aspirini ya moyo kila siku, kama ulivyoniambia kwenye simu kwamba kaka anameza, yuko hatarini zaidi. Watu wa nyumbani wanaona uzee. Kipimo cha CT, picha ya kichwa inayopigwa kwa eksirei kwa dakika chache, kinaona damu, na daktari wa upasuaji wa ubongo hutoboa tundu moja au mawili kwenye fuvu akaitoa.

Ulinipigia Jumatano kuniambia hospitali wameiona damu hiyo, upande wa kulia, na kwamba mmepewa rufaa ya Dar es Salaam. Nakuomba usijilaumu kwa zile wiki sita. Hata wahudumu wa afya huwapita wagonjwa kama kaka, kwa sababu anguko lenyewe lilikuwa dogo na kila mtu ameshalisahau. Wewe ulilikumbuka, ukaliandika. Ila msomaji mwenye mzazi nyumbani naomba alishike hili: mzee aliyekuwa timamu, akabadilika ndani ya siku au wiki, huyo hajazeeka ghafla. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na mkifika elezeni kama aliwahi kuanguka, hata kama ni miezi miwili nyuma.

Sasa tuje kwako.

Tangazo lile linasema picha inakinga. Mwalimu, picha haikingi. Picha inaonyesha kilichokwisha kutokea, na thamani yake yote iko kwenye swali unaloingia nalo kwenye mashine. Kaka aliingia na swali: mguu unaburuzwa, maneno yanachanganyika, je, kuna kitu kinabana? Jibu lilikuwa ndiyo au hapana, na kila jibu lilikuwa na hatua yake. Wewe ungeingia na swali la "nitakuwa kama mama?", na hakuna mashine ya MRI inayolijibu hilo kwa mtu wa miaka 54 anayefundisha kila siku na kufunga hesabu za watu 28 bila kasoro.

Nieleze kwa nini. MRI haina mionzi. Ni sumaku kubwa yenye kelele, unalala ndani ya bomba kama nusu saa hivi. Inaonyesha mambo mazuri sana. Inaonyesha hipokampasi, kile kipande kidogo ndani ya ubongo, kila upande kimoja, kinachosaidia kuhifadhi kumbukumbu mpya, ambacho hunywea mapema kwa wenye ugonjwa wa Alzheimer, ule unaoua kumbukumbu polepole. Inaonyesha pia madoa meupe, ambayo ni makovu ya vimishipa vidogo vilivyochoka, na viharusi vidogo ambavyo mtu hakujua kama amevipata. Lakini hipokampasi za watu wazima wenye afya zinatofautiana ukubwa kama vidole vinavyotofautiana urefu, kwa hiyo picha moja ya leo, isiyo na ya jana ya kulinganisha nayo, haisemi mengi. Ikitoka safi, haikuahidi chochote kuhusu miaka 20 ijayo. Ikionyesha madoa, ushauri utakaopewa ni kushusha presha, na huo unaupata hapa bila laki sita na nusu.

Kuna na jambo la tatu ambalo matangazo hayalisemi. Mwaka 2007 watafiti wa Rotterdam, Uholanzi, walichapisha matokeo ya picha za MRI za watu 2,000 wa kawaida, wa umri wa kati na wazee, waliochukuliwa mtaani na si wodini. Asilimia 7.2 walikuwa na viharusi ambavyo hawakuwahi kuvihisi. Asilimia 1.8 walikuwa na mshipa uliovimba kichwani, na asilimia 1.6 walikuwa na uvimbe usio saratani. Wengi wa namna hii huzeeka na kufa kwa sababu nyingine kabisa. Lakini ukishaambiwa una mshipa uliovimba kichwani, utalala tena? Na upasuaji wa kuuzuia usipasuke nao una hatari zake. Watu wamewahi kuingia na wasiwasi wa kusahau majina wakatoka na wasiwasi mkubwa mara kumi, na dawa ya wasiwasi ule wa pili haipo duka lolote.

Utasikia pia habari za PET, picha ya aina nyingine. Hiyo hutumia dawa yenye mionzi kidogo inayoingizwa kwenye mshipa, na tangu mwaka 2004 wanasayansi wamekuwa na dawa inayonata kwenye amiloidi, ile protini inayojikusanya kwenye ubongo wa mwenye Alzheimer. Ni hatua kubwa. Zamani amiloidi ilionekana kwa uhakika baada ya mtu kufa na ubongo wake kukatwa, kama Daktari Alois Alzheimer alivyofanya Ujerumani mwaka 1906. Leo kwa mgonjwa ambaye kumbukumbu zimeshaanza kupungua, PET inaweza kusaidia kuamua kama anafaa kupewa dawa mpya za kuondoa amiloidi. Mojawapo, lecanemab, iliidhinishwa Marekani mwaka 2023, na anayeipata hupigwa MRI mara kwa mara kwa kuwa inaweza kuvimbisha ubongo au kuutoa damu. Kwa mzima haijafikia huko, kwa sababu wako wazee wenye amiloidi tele na akili zao timamu. Marekani palikuwa na utafiti wa masista 678 waliokubali akili zao zipimwe kila mwaka na ubongo wao uchunguzwe wakifa. Mmoja, Sista Mary, alifariki na miaka 101 akiwa mwerevu hadi mwisho, na ubongo wake ulipochunguzwa ulikutwa na alama za Alzheimer kwa wingi.

Sasa turudi kwa mama yako, maana nimeisoma ile aya yake mara nyingi kuliko nyingine zote.

Presha ya miaka mingi. Mdomo kupinda mara mbili na kurudi. Kisha akili kuondoka. Siwezi kumpima aliyekwisha kutangulia, Mungu amrehemu, lakini ukiniuliza ninachokiona, naona viharusi vidogo na vimishipa vilivyopigwa na presha hadi vikaziba kimoja kimoja. Huenda na Alzheimer ilikuwemo, mara nyingi huja pamoja kwa watu wa umri wake. Unaogopa umerithi kusahau. Mimi nadhani ulichorithi ambacho tunaweza kukigusa ni presha, na hiyo namba ya 158 kwa 96 ndiyo iliyonitia wasiwasi kuliko stoo na maharage.

Na hapa ndipo picha za ubongo zilipotusaidia kukinga kwelikweli. Hazikufanya hivyo kwa kumpiga kila mwenye hofu. Zilitumika kwenye utafiti, kuona ni jambo gani linaunusuru ubongo. Marekani walichukua zaidi ya watu 9,300 wenye presha, wa miaka 50 na kuendelea, wakawagawa: kundi moja namba ya juu ya presha ishushwe chini ya 140, jingine chini ya 120. Matokeo ya upande wa akili yalitoka mwaka 2019. Kwenye kundi la chini ya 120, kupata upungufu wa mwanzo wa kumbukumbu kulikuwa chini kwa asilimia 19 kuliko kwenye kundi jingine. Demensia kamili, yaani akili kupungua hadi mtu ashindwe kujiendesha, nayo ilielekea kupungua, ingawa tofauti haikutosha kuthibitisha. Baadhi yao walipigwa MRI mwanzoni na tena baada ya karibu miaka minne. Yale madoa meupe yaliongezeka kwa wote, lakini kwa walioshushwa zaidi yaliongezeka sentimita za ujazo 0.92, na kwa wengine 1.45. Unaona, Mwalimu? Kidonge cha kawaida, kinachomezwa kila siku, athari yake imeonekana ndani ya fuvu.

Kwa hiyo tuseme kuhusu vidonge vyako. Unameza kichwa kikiuma. Presha haiumi. Inaweza kupanda hadi 180 ukiwa unacheka na wajukuu. Kichwa chako kinauma zaidi kwa kukosa usingizi, na siku kisipouma mishipa inaendelea kupigwa bila kinga. Nenda kliniki ya presha wiki hii, uwaambie ukweli jinsi unavyomeza. Usiogope kukaripiwa, na ukikaripiwa vumilia, tunachotaka ni dawa. Wakupangie dozi ya kila siku. Lengo la kuanzia ni kushuka chini ya 140 kwa 90, na mwili ukivumilia wakusogeze chini ya 130. Usijishushe mwenyewe hadi 120 kwa sababu umesoma hapa. Wale wa utafiti walikuwa wanafuatwa kwa karibu, na kuna wanaopata kizunguzungu wakaanguka, na tumeshaona kuanguka kunaleta nini. Kama vidonge vinakuvimbisha miguu au vinakukohoza, sema. Vipo vya aina nyingine.

Siku hiyo hiyo omba upimwe sukari, figo na tezi ya shingo, na kama inapatikana, vitamini B12. VVU na kaswende pia, bila kuona haya. Vyote viwili vinaweza kuharibu kumbukumbu na vyote vina dawa. Halafu waeleze kuhusu jasho la usiku. Mwanamke aliyekatikiwa hedhi, analala kwa muda wa saa nne tu, anaamka amelowa, halafu saa moja na nusu yuko mbele ya darasa la watoto: majina yanampotea. Ukungu huo wanawake wengi wa umri wako wanaujua, na kwa wengi hupungua. Jina linalorudi ukifika nyumbani halijapotea, lilichelewa.

Njia iliyo bora kuliko mashine ya kuanza kupima kumbukumbu tunayo hapa nchini. Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti walipowapima wazee wa miaka 70 na zaidi mwaka 2009 na 2010 walikuta takriban asilimia 6.4 wana demensia. Kutokana na kazi iliyofuata likatengenezwa jaribio fupi linalofaa hata kwa mzee ambaye hakusoma na hajazoea kushika kalamu. Unaambiwa maneno kumi, baadaye unaulizwa umeyashika mangapi. Unataja wanyama wengi uwezavyo kwa dakika moja. Unapanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Muulize daktari wa kliniki akufanyie jaribio la namna hiyo, akuandikie alama kwenye faili, na mwakani arudie. Alama mbili zilizopishana mwaka mmoja zitatuambia zaidi ya picha moja ya leo.

Kutembea sina haja ya kukuhubiria, ila nikuambie hili kwa kuwa linahusu picha. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa wazee 120 Marekani: nusu walitembea kwa kasi dakika 40, siku tatu kwa wiki, nusu walinyoosha viungo tu. Baada ya mwaka MRI ilionyesha hipokampasi za watembeaji zimeongezeka kama asilimia 2, na za wengine zimepungua kama asilimia 1.4. Ulikuwa utafiti mdogo, na waliofuata hawakupata jibu lile lile kila mara, kwa hiyo usiutegemee kama mkataba. Lakini kutembea kunashusha presha na kuleta usingizi, na hayo mawili unayahitaji.

Lini basi na wewe upige picha? Ukipotea njia ya shule uliyoizoea. Daftari la vikoba likianza kukataa. Binti akisema kwenye simu, "Mama, hilo umeniuliza sasa hivi," zaidi ya mara moja. Mwendo ukibadilika ukawa kama miguu imenata chini, na mkojo ukianza kukuponyoka. Hayo pamoja yanaweza kuwa maji yaliyojaa kichwani, nayo yana matibabu. Kichwa kikiuma kwa namna ambayo hukuwahi kuijua. Kifafa. Na mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama, hata yakirudi baada ya dakika kumi, ni kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo. Yaliyompata mama mara mbili yalikuwa onyo ambalo hakuna aliyewasomea. Hapo tutakuwa na swali, na picha nitaiandika mimi mwenyewe.

Kuhusu neno walilomwita. Mama hakuwa anawanga. Alikuwa anakwenda kuchota maji ya nyumba yake, kwenye kisima ambacho kwake bado kipo, kwa sababu kumbukumbu za zamani hukaa muda mrefu kuliko za jana. Alikuwa bado anawahudumia. Wako kina mama wazee nchini mwetu waliouawa kwa neno hilo. Ukiwa na nguvu, siku moja waeleze majirani hao kwamba ulikuwa ugonjwa wa mishipa ya kichwa, na uwaeleze mbele ya wale vijana.

Binti mwambie asitume pesa za MRI. Atume za mashine ya kupimia presha, ile ya kufunga juu ya kiwiko, na upime asubuhi na jioni kwa wiki moja kabla ya kurudi kliniki, uandike kwenye daftari kama unavyoandika vikoba. Zinazobaki zitunze kwa ajili ya kaka. Damu ile kwa baadhi ya watu hurudi, na huenda wakataka kumpiga CT nyingine. Waulize tarehe yake, na uwaulize kuhusu aspirini, aanze lini au asianze, kabla hamjatoka wodini.